Alitumwa kufunga mradi wa ndege wanne: kisa cha Carl Jones na kozi wa Morisi

MtegaNyavu #1

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita kijana mmoja aliuliza humu kama mtu anaweza kula kwa kusomea ndege. Alijibiwa kwa vicheko. Mmoja akamwambia ndege wanaolisha mtu ni kuku na kanga tu. Nilicheka na mimi, halafu usiku nikakosa raha, maana huu ni mwaka wa 14 nakula kwa kushika ndege. Natega nyavu msituni Usambara Mashariki, nanasa ndege wadogo, nawavika pete mguuni, napima bawa na uzito, naandika, naachia. Kesho tena.

Badala ya kumjibu kwa mistari miwili, nimeona niwaletee kisa cha mtu ambaye kila aliye kwenye kazi hii anamjua, na nje ya kazi hii hajulikani kabisa. Anaitwa Carl Jones, mzaliwa wa Wales, 1954. Tangu utoto alikuwa mfugaji: bundi, kozi na ndege wengine wakali, wamejaa uani kwao mji wa Carmarthen. Walioletwa wamevunjika mabawa aliwauguza, wazima aliwazalisha. Lishikeni hilo la ufugaji, nitalirudia.

Mwaka 1979, akiwa na miaka 24, akapelekwa kisiwa cha Morisi na shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege, lile ambalo leo linaitwa BirdLife. Kazi aliyopewa haikuwa ya kuokoa. Mradi wa kozi wa kule ulikuwa umeanza 1973 na hauzai matunda, fedha zinaliwa bure. Akaambiwa aende akaufunge na kuukabidhi kwa serikali.

Naandikia simu na mtandao huku Amani unapanda na kushuka kama homa, kwa hiyo nitashusha vipande vipande.

Kipepeo77 #2

Nakaa siti ya mbele. Ila mkuu, "mradi wa kozi"? Kozi ya chuo gani hiyo iliyokuwa inafungwa? 😂

MtegaNyavu #3

Haha, nilijua itatokea. Kozi ndege, si kozi ya cheti. Ni jamaa ya kipanga, mdogo kuliko mwewe, mabawa makali. Huyu wa Morisi ana mabawa mafupi ya mviringo kuliko ndugu zake wa bara kwa sababu anawinda ndani ya msitu, anapenya katikati ya matawi. Chakula chake kikubwa ni mijusi ya kijani ya mitini, na wadudu, na ndege wadogo.

Sasa angalieni jina alilopewa na wenyeji: "mangeur de poules", yaani mla kuku. Ndege asiyeweza hata kumnyanyua mtetea! Kwa jina hilo tu alipigwa risasi miaka na miaka. Ndiyo maana nikisikia mtu kijijini anamwita bundi mchawi huwa sicheki, najua jina baya linaua.

BahariaMstaafu #4

Mie nimefika Port Louis na meli miaka ya themanini. Sikiza nikwambie, kile kisiwa ni miwa. Miwa kutoka bandarini mpaka mguu wa mlima. Msitu sikuuona ila kwa mbali kule juu kwenye magenge. Na ndege niliowaona ni kunguru wale wale wetu wa Mombasa na shomoro. Nikajisemea, nimetoka kwetu kuja kuona kunguru?

MtegaNyavu #5

Baharia umesema kweli tupu, na umenirahisishia kazi.

Kisiwa kile hakikuwa na wenyeji mpaka Waholanzi walipohamia karne ya 17. Ndipo alipokuwa dodo, ambaye mara ya mwisho kuonekana kwa ushahidi unaokubalika ni 1662. Baada yao Wafaransa, baada yao Waingereza, na kila mmoja na shoka lake na shamba lake. Leo msitu wa asili ulio katika hali nzuri haufiki asilimia 2 ya kisiwa. Msitu ukiondoka, ndege anayetaga kwenye shimo la mti mkubwa anataga wapi?

Pamoja na shoka wakaja wageni wa miguu minne: panya wa melini, paka shume, kima kutoka Asia, na mwaka 1900 wakaletwa nguchiro. Ndege wa kisiwa hajawahi kuishi na mnyama wa kupanda mti akala yai. Hana adabu ya kuogopa. Anakaa tu.

Halafu baada ya Vita vya Pili ikaja DDT, iliyomwagwa kuua mbu wa malaria na wadudu wa mashambani. Dawa ile inapanda kwenye chakula, mdudu kwa mjusi, mjusi kwa kozi, na kwa ndege wawindaji inafanya ganda la yai kuwa jepesi, mama akilalia linapasuka. Siwalaumu waliopulizia, malaria si mchezo na sisi wa Muheza tunaijua. Ila ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 1974 kozi waliojulikana kubaki porini walikuwa wanne. Wanne! Kwenye korongo za Black River, na kati yao jike mmoja tu wa kuzaa. Wawili wengine walikuwa wamefungiwa. Ukihesabu na hao, dunia nzima ilikuwa na sita.

NgoshaHalisi #6

Mkuu sina ubaya na ndege ila niulize kitu kimoja. Zahanati yetu haina panadol. Sasa mzungu anatumia hela, ndege na gari kufuatilia ndege wanne. Wakiisha wanne si waishe? Hii kazi ni ya watu walioshiba.

Kipepeo77 #7

Ngosha umeanza. Acha mtu amalize.

MtegaNyavu #8

Mwacheni, kauliza swali la maana kuliko anavyodhani. Mwaka huo huo wa 1979 mtaalamu mkubwa wa mazingira, Norman Myers, Mwingereza aliyeishi Nairobi miaka mingi, aliandika kwenye kitabu chake karibu maneno hayo hayo ya Ngosha. Alisema pengine kozi wa Morisi aachwe na kifo chake, fedha zipelekwe kwa ndege wengine wenye nafasi ya kupona. Kama daktari wa vita anavyochagua nani wa kupasua na nani wa kumfunika shuka. Hakuwa mjinga wala hakuwa na roho mbaya. Kwa hesabu zilizokuwepo mezani alikuwa sahihi.

Kosa lilikuwa hapa: hesabu zile zilichukulia kwamba kila linaloweza kufanyika limeshafanyika. Jones alipofika aliona mambo mengi ambayo mfugaji yeyote angeyafanya na hayajafanywa.

Nitarudi jioni. Nyavu ziko wazi na mvua inanyemelea, ndege akilowa wavuni anakufa.

Mama_Vifaranga #9

Mimi nafuga kuku Kibaha na nimesoma hadi hapa kwa hamu. Mwanangu Mtega, usiniambie huyo kijana alifanya ninachofanya mimi! Kuku wa kienyeji ukimwondolea mayai ukambakishia moja anaendelea kutaga. Ukimwachia yote anaatamia, biashara imelala. Bibi yangu alinifundisha hivyo Rufiji, hakwenda shule hata siku moja.

MtegaNyavu #10

Mama, shikamoo. Umenipokonya uzi wangu 😀 Ni hicho hicho, na tofauti kidogo.

Kozi anataga mayai matatu hivi kwa msimu. Porini, kati ya kima, panya na mvua ya masika ya kule, unaweza usipate hata kifaranga kimoja. Jones akapanda genge, akachukua mayai yote ya kwanza, akayapeleka kwenye mashine ya kutotoleshea. Jike akikuta kiota kitupu, haombolezi. Baada ya wiki mbili hivi anataga tena. Kwa hiyo mayai ya kwanza yanalelewa na mtu, ya pili analea mwenyewe.

Ila kutaga mara mbili kunamkausha mama. Wewe Mama Vifaranga unajua, kuku asipopata pumba na dagaa ganda linakuwa karatasi. Kwa hiyo akawalisha kozi wa porini panya weupe waliofugwa. Aliwazoesha mpaka wakawa wanakuja wakiitwa, mtu anasimama bondeni na panya mkononi, ndege anashuka anamnyakua. Ndege mwenye chakula cha uhakika anataga mapema, anataga zaidi, na ana nguvu ya kulea.

Hapo ndipo wataalamu wa makaratasi walipokunja uso. Kupanda genge kuchukua mayai ya ndege adimu kuliko wote duniani? Ukijikwaa je? Umeme wa mashine ukikatika? Nami nawaelewa. Nimewahi kushika mkononi ndege ambaye tulikuwa hatujamnasa miaka mitano, mikono ilitetemeka mpaka nikashindwa kusoma rula. Yeye alikuwa anashika theluthi ya kizazi cha dunia nzima kwenye kikapu, anateremka nacho kwa kamba.

Vifaranga wakikua walirudishwa kwa njia mbili. Wengine walipandikizwa kwenye viota vya kozi wa porini, kozi hajui kuhesabu, analisha kila mdomo uliofunguka. Wengine waliwekwa kwenye masanduku juu ya miti na magenge, wakilishwa hapo hapo mpaka waweze kujitafutia. Na masanduku hayo hayo yakageuka viota, maana mashimo ya miti mikubwa hayapo tena.

Kuanzia 1987 wakaachiwa hata milima ya Bambous, mashariki, ambako kozi alishatoweka. Mpaka kufikia msimu wa 1993/94 walikuwa wamerudisha porini kozi 331. Mwaka 1994 wakaacha kuzalisha mashineni kwa kuwa haikuhitajika tena.

Kutoka wanne.

Kipepeo77 #11

Hapo kwenye 331 nimesimama.

NgoshaHalisi #12

Sawa, 331. Bado panadol haipo.

Mwalimu_Bios #13

Ngosha, wakati mnabishana kuhusu Morisi mmesahau Kihansi? Ni kwetu hapa hapa. Vyura wadogo wa Kihansi, wanaozaa vitoto badala ya kutaga, waliishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, eneo dogo sana. Waligunduliwa 1996. Likajengwa bwawa la umeme, maji yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 wakachukuliwa vyura 499 kupelekwa Marekani, kwenye bustani za wanyama. Waliobaki korongoni waliporomoka 2003, ugonjwa wa kuvu ukiwemo, na mwaka 2009 wakatangazwa kwamba wametoweka porini. Wale wa Marekani wakazaa. Vyura 100 wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2010, na 2012 wakaanza kuachiwa korongoni kwao, ambako yalishafungwa mabomba ya kunyunyizia maji kuiga maporomoko.

Nikiwafundisha hili kidato cha tatu watoto wanauliza swali la Ngosha. Nawajibu umeme tumepata na vyura tumebaki nao, haikuwa lazima kuchagua. Wengine wanakubali, wengine hapana.

MtegaNyavu #14

Mwalimu asante sana. Ni ukoo mmoja wa kazi.

Wakuu, kozi alikuwa wa kwanza tu. Kulikuwa na njiwa waridi. Huyu ni njiwa mkubwa, rangi kama ndani ya ganda la kombe. Gerald Durrell, yule mwenye bustani ya wanyama kisiwa cha Jersey, alifika Morisi 1976 akachukua baadhi kwenda kuzalisha. Mayai ya njiwa hao yalikuwa yanaatamiwa, na vifaranga kulelewa, na njiwa wa kufugwa wa kawaida, maana wazazi wenyewe wakifungiwa ni wazembe.

Mwaka 1984 wakaachiwa wa kwanza kwenye bustani ya mimea ya Pamplemousses. Watoto wakawapiga manati. Ndiyo, manati, ile ya mpira wa tairi. Unatumia miaka minane kuzalisha njiwa, anakuja mtoto na kokoto. Baadaye wakahamia kuachia msituni, na walinzi, na mitego ya panya na paka.

Porini ilipofika 1990 walikuwa wamebaki kama kumi tu, na karibu wote walikuwa wanataga kwenye kishamba kimoja cha miti ya kigeni, mierezi ya Japani. Inafikirisha. Mti mgeni, ambao mhifadhi yeyote mwenye bidii angeukata, ndio uliokuwa ngome ya mwisho kwa sababu majani yake yanachoma na panya na kima hawapendi kupanda. Leo njiwa hao ni mamia. Kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini wametoka ngazi ya juu kabisa mpaka "hatarini" mwaka 2000, na 2018 wakashushwa tena ngazi moja.

Wa tatu ni kasuku wa kijani wa Morisi. Miaka ya themanini hawakuwa wanazidi ishirini. Walisaidiwa na Don Merton wa New Zealand, ambaye kwao alishamfufua ndege mwingine kutoka watano. Kazi ya kasuku ilikuwa ya fundi seremala zaidi: kuziba shimo la kiota lisivuje, kufunga bati kwenye shina panya asipande, kuhamisha kifaranga wa nne mwenye njaa kwenda kwa jike asiye na mtoto. Ilipofika 2019 walikuwa wamevuka 700.

Mtu mmoja na watu aliowafundisha, ndege watatu. Tena wengi wa waliokuwa wanapanda miti na kukesha na mashine ni vijana wa Morisi na wa kujitolea ambao hawatajwi popote. Nami nawataja hapa kwa kutowataja, maana majina yao siyajui.

Zenj_Kobe #15

Na makobe je? Nilisikia huyo bwana ndiye aliyepeleka makobe visiwani. Kwetu Changuu tunao wa Aldabra, walitoka Shelisheli 1919 kama zawadi, wanne. Sasa watalii wanawalisha majani kila siku.

MtegaNyavu #16

Ndugu wa Unguja, ni hao hao. Makobe wa asili wa Morisi waliliwa wakaisha. Jones akasema kama mwenye kazi amekufa, umwajiri ndugu yake. Wakapelekwa makobe wa Aldabra kisiwa kidogo cha Aigrettes mwaka 2000, na baadaye Kisiwa cha Mviringo, Round Island, kaskazini. Kule Aigrettes kuna mti wa ebony, si mpingo wetu huu wa vinyago, ni mwingine. Matunda yake yalikuwa yanaoza chini ya mama yake. Makobe wakayala, wakayanya mbali, miche ikaota. Kobe kawa bwana shamba.

Nalisema hili kwa sababu kuna watu wanadai kazi ya kuokoa ndege mmoja mmoja ni ya kizamani, kwamba ni lazima uanze na msitu mzima. Morisi ilikwenda kinyume. Walianza na kozi. Ili kozi aishi ikabidi wamtege nguchiro. Ili njiwa aishi ikabidi wang'oe magugu. Mwaka 1994 korongo za Black River zikawa hifadhi ya taifa. Visiwa vidogo vikasafishwa panya, mbuzi na sungura. Kozi ndiye aliyevuta kamba, msitu ukafuata nyuma.

Bint_Korogwe #17

Samahani kaka Mtega, mimi ndiye niliyeuliza lile swali wiki iliyopita. Nimesoma uzi wote. Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa EGM (uchumi, jiografia, hesabu), sina baiolojia ya ngazi ya juu. Ndiyo nimeshakosa?

MtegaNyavu #18

Dada, kumbe ni wewe. Nisamehe nilicheka.

Nikuambie habari ya mtu wa hapa hapa ninapokaa. Kituo cha utafiti cha Amani, mwaka 1928, alifika Mwingereza anaitwa Reginald Moreau. Hakuwa na digrii ya baiolojia. Alikuwa mkaguzi wa hesabu za jeshi Cairo, alianza kutazama ndege jangwani akiwa mgonjwa, basi ikawa ndiyo maisha. Alikaa Tanganyika mpaka 1946, na mpaka leo ukigusa ndege wa milima yetu unaanzia kwenye maandishi yake. Kuna ndege mdogo mwenye mdomo mrefu wa Usambara anayebeba jina lake, na kule Uluguru kuna mwingine mwenye jina la mkewe, Winifred. Mtu wa hesabu. Na kazi hii sasa ni hesabu kuliko zamani: kati ya ndege 100 uliowavika pete wamerudi wangapi, ni kweli wanapungua au ni nyavu zako zimechakaa? EGM yako si mzigo.

Kwa njia ya shule, kuna Chuo cha Wanyamapori Mweka, wanachukua ngazi ya cheti na diploma. Kuna SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa digrii, hapo uangalie sifa za kujiunga za mwaka wako, usinitegemee mimi. Kuna pia mafunzo ya uhifadhi ya shirika la Durrell, Jersey na kule kule Morisi, watu wa Afrika wamepita.

Lakini shule ni nusu. Nusu ya pili ni mikono. Kumtoa ndege wavuni bila kumvunja mguu kunafundishwa na ndege, si na mwalimu. Jones mwenyewe alikuwa na vyeti, ila kilichookoa kozi ni mtoto wa Carmarthen aliyeshinda uani na bundi. Kama kwenu mnafuga kuku, umeshaanza.

NgoshaHalisi #19

Mwambie na mshahara usimfiche.

MtegaNyavu #20

Nilikuwa nakuja huko, Ngosha.

Dada, mshahara ni mikataba. Miezi sita, mwaka, miwili ukibahatika. Ufadhili ukiisha na wewe umeisha. Mwaka wangu wa kwanza nilijitolea kwenye mradi mmoja, sitautaja, miezi minane kwa ahadi ya "posho inakuja". Haikuja. Nikashuka Tanga nikauza mitumba miezi mitatu, nikaapa sirudi. Nilirudi. Sababu ni ya kijinga: niliota ndege niliyemvika pete mwenyewe, nikataka kujua kama yupo.

Wengi tunachanganya. Msimu wa watalii naongoza watu wanaotazama ndege, wanalipa vizuri kuliko utafiti, maana mtu katoka Uholanzi kuja kuona ndege wa Usambara na siku tatu tu. Ukijua sauti za ndege 200 huwezi kulala njaa hapa. Ila nyumba nimejenga vyumba viwili kwa miaka tisa, bati lilisubiri sana.

Vibali navyo vinachosha. Utafiti bila kibali cha COSTECH (tume ya sayansi) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) ni balaa, na makaratasi yana mwendo wake. Jones pia sehemu kubwa ya ugomvi wake haikuwa na kima, ilikuwa na ofisi na wafadhili. Aliambiwa afunge, hakufunga, akaenda kutafuta fedha kwingine, na watu wa Durrell wakamshika mkono.

Mwaka 2016 akapewa tuzo ya Indianapolis, dola 250,000, moja ya tuzo kubwa kwenye uhifadhi wa wanyama. Tangu afike Morisi ilikuwa imepita miaka 37. Ukigawa kwa miezi, Ngosha, utaona si mshahara wa kutisha.

BahariaMstaafu #21

Bwana Mtega, na yule kozi sasa? Yu hai? Maana mie nimezoea hadithi zenu, mwisho mnatuficha.

MtegaNyavu #22

Baharia, hapo umenishika pabaya.

Yu hai. Mwaka 1994 alishushwa hadhi ya hatari, watu wakashangilia, mashine zikazimwa, fedha zikahamia kwa ndege wengine. Ikaonekana hadithi imekwisha. Lakini mwaka 2014 akapandishwa tena ngazi ya hatari, kwa sababu hesabu zilionyesha anapungua, hasa upande wa magharibi. Idadi ni mia chache tu. Masanduku ya viota yanaoza yanataka kubadilishwa, magugu yanarudi, kima hawajaenda popote. Na wote hao ni watoto wa wale wachache, damu yao ni ya karibu mno. Njiwa waridi naye ana tatizo hilo, ndiyo maana wanahesabu upya ndege waliobaki kwenye bustani za Ulaya, kutafuta damu iliyopotea kisiwani.

Kwa hiyo aliyeambiwa aifunge kazi ile 1979, kazi haijafungika mpaka leo.

NgoshaHalisi #23

Basi si ndiyo nilichosema? Ni shimo lisilojaa.

Mama_Vifaranga #24

Ngosha mwanangu, na banda langu la kuku ni hivyo hivyo. Niambie siku gani nimelifagia likafagika moja kwa moja.

NgoshaHalisi #25

Mama nimenyoosha mikono 😅 Ila panadol sijaisahau.

Bint_Korogwe #26

Kaka, naweza kuja kuona mnavyofanya? Hata siku mbili. Nauli ya Korogwe hadi Muheza ninayo.

MtegaNyavu #27

Njoo Jumatano ijayo, kuna wasichana wawili wa Mweka nao wanakuja kwa mazoezi, hutakuwa peke yako. Muheza panda gari la Amani, ni la mchana, ukilikosa unalala. Njoo na koti, huku kuna baridi usiyoitegemea Tanga, na viatu vya kufunika kifundo, siyo kandambili. Nyavu tunafungua alfajiri kabla jua halijatoka, tunapita kila nusu saa. Siku ya kwanza utashika daftari tu. Usiudhike. Pete zile zimechongwa anwani ya Makumbusho ya Nairobi, na namba moja ikikosewa ndege huyo ameshapotea ingawa yu hai.

Nimekutumia ujumbe binafsi.

Bint_Korogwe #28

Asante sana kaka. Mama anauliza kama kuna choo.

MtegaNyavu #29

Kipo. Cha shimo, kisafi, kina mlango. Mwambie anipigie tuongee, ila baada ya saa nne asubuhi. Kabla ya hapo mikono ina ndege.